Jeki, Rampu na Mchanga wa Makonde: Kuinua Gari Nyumbani Kati ya Newala na Masasi

Swali la iwapo mwenye gari anunue jeki au rampu kwa ajili ya matengenezo madogo ya nyumbani huulizwa kana kwamba jibu lake liko dukani, katika bei, uzito na uwezo wa kila kifaa. Lakini kwa mkazi wa Newala, au wa vijiji vya Masasi vilivyo karibu na kingo za uwanda, jibu hilo huanzia chini ya nyayo zake, kwenye mchanga utakaobeba kifaa, gari, na mtu atakayelala uvunguni mwa gari hilo. Jeki ni chombo kinachoinua sehemu moja ya gari kwa nguvu ya mkono iliyozidishwa na skrubu au na mafuta yaliyobanwa. Rampu ni jozi ya miteremko mifupi ambayo gari huipanda lenyewe kwa nguvu ya injini yake na kusimama juu yake. Vyote viwili vilibuniwa kwa kudhani kwamba vitawekwa juu ya sakafu ngumu na sawa, na uwanja wa nyumba ya kawaida katika Uwanda wa Makonde si sakafu ya namna hiyo. Ndiyo maana uchaguzi wa kifaa hapa hauna budi kutanguliwa na uchunguzi wa ardhi.

Uwanda huo hupanda polepole kutoka upande wa pwani ya Mtwara hadi kukaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari katika kingo zake za magharibi, ambako mji wa Newala umekaa ukilitazama bonde la mto Ruvuma. Sehemu yake kubwa imefunikwa na udongo mwekundu wa kichanga wenye kina kirefu, unaopitisha maji upesi kiasi kwamba juu ya uwanda hakuna mto wala kijito cha kudumu. Sifa hiyo, iliyowafanya wanawake wa Kimakonde kwa vizazi vingi kuteremka mabondeni kufuata maji kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanza katika miaka ya 1950, ndiyo pia inayoufanya uso wa ardhi wakati wa kiangazi uwe mkavu na mlegevu, usioshikana punje kwa punje. Masasi, kwa upande wake, iko chini ya uwanda, kwenye tambarare iliyotawanyika vilima vya mawe vilivyosimama peke yake, kama kile cha Mtandi, na humo mtu anaweza kukuta mwamba ulio wazi, kichanga cha kijivu na udongo wa mfinyanzi katika maeneo yasiyopishana kwa umbali mkubwa. Mbinu inayofaa katika kiwanja kimoja, kwa hiyo, inaweza kumdhuru mtu katika kiwanja cha jirani.

Gari limekuwa jambo la nyumbani katika wilaya hizi kwa sababu ya korosho zaidi ya kitu kingine chochote. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao humtaka mkulima kukabidhi korosho zake ghalani kupitia chama cha msingi na kusubiri ziuzwe kwa mnada, fedha huingia kwa wingi katika kipindi kifupi kuanzia Oktoba, kupitia minada ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU kwa upande wa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara. Sehemu ya fedha hizo huwa pikipiki, pikapu, au gari dogo lililotumika Japani. Lakini fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka, ilhali oili ya injini, vitambaa vya breki na matairi huchakaa mwaka mzima. Na katika miezi ambayo mfuko umenyauka, mwenye gari hujifunza kufanya mwenyewe kazi ambazo angempelekea fundi. Karibu kazi hizo zote hudai gari liinuliwe, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Ili kuelewa kwa nini mchanga una neno kubwa katika suala hili, inafaa kuanza na dhana ya kanieneo, yaani kani inayogawanywa kwa eneo inaloliegemea. Gari dogo lenye uzito wa tani 1.1 na injini mbele hubeba takribani asilimia 60 ya uzito wake kwenye magurudumu ya mbele, hivyo jeki inayoinua kona moja ya mbele inaweza kubeba karibu kilo 400. Kitako cha jeki ndogo kina ukubwa wa takribani sentimita 10 kwa 10, yaani sentimita za mraba 100, na kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya ardhi hubebeshwa kilo 4, ambazo ni karibu mara mbili ya kanieneo ambayo tairi lililojazwa upepo vizuri huiweka barabarani. Mchanga mkavu usiobanwa hauwezi kustahimili mzigo wa namna hiyo: punje zake husukumana pembeni, kitako huzama, na kwa kuwa hakizami sawasawa pande zote, jeki huinama. Jeki iliyoinama hata kidogo haibebi tena mzigo kwa urefu wake, bali husukumwa kando na uzito uleule inaouinua.

Tiba yake ni rahisi, na inashangaza jinsi inavyopuuzwa. Kitako hichohicho kikiwekwa juu ya ubao mgumu wenye sentimita 40 kwa 40, eneo la kuegemea huwa sentimita za mraba 1,600, na kanieneo hushuka hadi robo kilo kwa kila sentimita ya mraba, ambayo ni pungufu kuliko ile ya mtu mzima aliyesimama mchangani kwa mguu mmoja. Sharti ni kwamba ubao usipinde, kwa maana ubao unaopinda hurudisha mzigo wote katikati. Kwa hiyo mbao mbili za unene wa inchi mbili, zilizopigiliwa zikiwa zimepishana kama msalaba ili nyuzi za moja zikatize nyuzi za nyingine, zinafaa kuliko ubao mmoja mwembamba hata kama ni mpana. Kabla ya kuulaza ubao huo, mchanga mlegevu wa juu hukwanguliwa kwa jembe hadi kufikia tabaka la chini lenye unyevu kidogo, kwa kuwa unyevu mdogo huzishikanisha punje za mchanga, jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kufinyanga nyumba za mchanga analifahamu. Mchanga uliojaa maji ni habari nyingine: baada ya mvua kubwa ya masika, ardhi iliyoonekana ngumu asubuhi inaweza kulegea chini ya mzigo kabla ya adhuhuri.

Baada ya ardhi, ndipo aina za jeki zinapokuwa na maana. Gari dogo lililoagizwa kutoka Japani huja, kama halikupokonywa vifaa vyake njiani, na jeki ya mkasi, ambayo ina mikono minne iliyounganishwa kwa umbo la msamilo na skrubu ndefu inayoikaza mikono hiyo ikaribiane na hivyo kunyanyua kichwa cha jeki. Ubora wake mkubwa ni kwamba skrubu hujifunga yenyewe: mkono ukiachia, mzigo haushuki, kwa kuwa msuguano wa meno yake ni mkubwa kuliko nguvu inayotaka kuyazungusha kinyume. Ubora wa pili ni kimo chake kidogo inapokuwa imekunjwa, kiasi kwamba hupita chini ya gari lililopata pancha hata baada ya kuwekewa ubao. Udhaifu wake ni wembamba. Kitako hakizidi sana kiganja cha mkono, mikono yake huyumba, na ilitengenezwa kwa kazi moja tu, kubadilisha gurudumu kando ya barabara, ambapo hakuna kiungo cha mtu kinachohitaji kuingia chini ya gari.

Jeki ya chupa, iliyopewa jina hilo kwa umbo lake, hutumia kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba shinikizo linalowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawa katika kila upande wa chombo. Mwingereza Joseph Bramah aliitumia kanuni hiyo katika mashinikizo yake aliyoyawekea hataza mwaka 1795, na mwaka 1851 Richard Dudgeon wa New York alipata hataza ya jeki ya kubebeka inayofanya kazi kwa njia hiyo. Pampu ndogo husukuma mafuta chini ya pistoni kubwa zaidi, na nguvu ya mkono huzidishwa kwa kadiri eneo la pistoni hiyo linavyolishinda la pampu. Kwa pikapu inayobeba magunia ya korosho, ambayo kona yake ya nyuma inaweza kufikisha tani nzima, hakuna chombo cha bei nafuu kinachoishinda. Huwekwa chini ya bomba la ekseli karibu na springi, kamwe si chini ya kifuniko cha difu, ile gia inayogawanya nguvu kati ya magurudumu mawili. Kwa gari dogo, hata hivyo, jeki hiyo ina kasoro ambayo mnunuzi huigundua akiwa amekwisha lipa: hata ikiwa imeshuka kabisa, mara nyingi husimama kwa kimo cha sentimita 16 hadi 18, na ikiongezewa ubao wa sentimita 10 huwa ndefu kuliko nafasi iliyopo chini ya ukingo wa gari. Kwa hiyo ubao ambao mchanga unaudai ndio unaoikatalia jeki kuingia. Mwenye gari dogo akienda dukani na rula mfukoni, baada ya kupima nafasi hiyo huku tairi moja likiwa limetolewa upepo, atakuwa amejiepusha na hasara.

Jeki ya magurudumu, ile ndefu inayovutwa sakafuni na kuinua kwa mkono wake wa chuma, ndiyo inayopendwa katika gereji zenye sakafu ya zege, na ndiyo isiyofaa kabisa mchangani. Sababu yake haiko wazi kwa wengi. Mkono wa jeki hiyo huchora tao unapopanda, na ili kichwa kibaki mahali palepale chini ya gari, jeki nzima hulazimika kusogea kidogo kwa magurudumu yake madogo. Mchangani magurudumu hayo huzama na kugoma kusogea, na badala ya jeki kulifuata gari, gari huvutwa na jeki, ama kichwa huteleza kutoka mahali pake. Ubao mrefu na mpana unaweza kusaidia, mradi jeki yote ikae juu yake na kubakiza nafasi ya kusogea. Kuna pia jeki ndefu ya meno inayofahamika kwa waendesha Land Cruiser, ambayo imekuwa ikitengenezwa Marekani tangu mwaka 1905; huokoa gari lililokwama mchangani, lakini gari likiwa juu yake huyumba mno, na haistahili kutumiwa kwa kazi yoyote ya kukaa chini ya gari.

Yote yaliyosemwa kuhusu jeki yanahusu kuinua, na kuinua si kushikilia. Jeki ya mafuta hushikilia mzigo kwa sili, yaani pete laini ya mpira, na kwa vali ndogo. Punje moja ya mchanga iliyoingia kwenye vali, au sili iliyokwaruzwa, hutosha kuyaachia mafuta yarudi, na gari hushuka polepole au ghafla bila kutoa taarifa. Kwa sababu hiyo kila gari lililoinuliwa kwa jeki lazima liegemezwe kwenye stendi, yaani vigoda vya chuma vyenye miguu mitatu au minne na nguzo ya katikati inayorefushwa, kabla mtu hajaingiza hata mkono chini yake. Stendi za namna mbili hupatikana: zile za meno, ambazo nguzo yake huzuiwa na kipande cha chuma kinachonasa kwenye meno, na zile za pini, ambazo pini nene hupitishwa kwenye tundu la nguzo. Mwaka 2020 kampuni moja ya vifaa nchini Marekani iliagiza stendi zake za meno zaidi ya milioni 1.7 zirejeshwe, baada ya kubainika kwamba baadhi ya meno hayakuwa yakinasa kwa kina cha kutosha na nguzo ingeweza kuporomoka. Stendi za pini huchelewesha kazi kidogo na huruhusu vimo vichache tu, lakini pini huonekana kwa macho na hakuna linalohitaji kuaminiwa gizani. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake nyuma ya nyumba, hizo ndizo za kuchagua. Nazo pia huhitaji ubao, tena zaidi kuliko jeki, kwa kuwa miguu yake ni myembamba na huchimba mchanga kama vigingi.

Mahali pa stendi, katika viwanja vingi, pamechukuliwa na tofali la saruji. Desturi hii inapaswa kukomeshwa, na inapaswa kukomeshwa kwa kuielewa. Tofali huonekana imara kwa sababu hubeba nyumba, lakini ndani ya ukuta mzigo husambazwa juu ya uso wake wote kwa udongo au saruji, ilhali chini ya gari ukingo mwembamba wa chuma hulikandamiza kwenye mstari mmoja. Saruji ni hodari wa kustahimili kubanwa na dhaifu mno katika kuvutwa. Mzigo uliokusanyika mahali pamoja huzalisha mvuto upande wa chini wa tofali, hasa linapokuwa limekaa juu ya mchanga usio sawa, na ufa ukianza humaliza safari yake papo hapo. Ubao hulia na kupinda kabla ya kuvunjika, chuma hujikunja, lakini tofali halitoi onyo lolote. Ikiwa stendi haipo, magogo mafupi ya mti mgumu yaliyokatwa sawa na kupangwa kwa kupishana ni salama kuliko tofali lolote, na gurudumu lililofunguliwa, likilazwa chini ya ukingo wa gari, huwa kinga ya mwisho inayoacha nafasi ya mtu kubaki hai endapo vingine vyote vitashindwa.

Rampu huondoa sehemu kubwa ya wasiwasi huo, kwa kuwa gari linalosimama juu yake limesimama kwa magurudumu yake lenyewe, bila sili wala pini. Kwa kumwaga oili, kubadilisha filta, kukagua mabomba na viungo vya usukani, hakuna njia bora zaidi. Ina faida nyingine ambayo mafundi wazuri huithamini: springi za gari hubaki zimebeba uzito wake wa kawaida, na kwa hiyo bushi za mpira kwenye mikono ya gurudumu zinaweza kukazwa zikiwa katika hali yake ya barabarani, ilhali zikikazwa gari likiwa linaning'inia kwenye stendi husokotwa pindi gari linaposhushwa na kupasuka mapema. Mipaka yake nayo ni bayana. Gurudumu lililo juu ya rampu haliwezi kufunguliwa, kwa hiyo kazi za breki, tairi na shokomzoba hazifanyiki humo. Na kwa kuwa gari huinama kwa nyuma, kipimo cha mafuta ya gia hudanganya, kwani kipimo hicho hudai gari liwe sawa pande zote.

Rampu za chuma zinazouzwa madukani mijini zina tatizo la pekee mchangani. Miguu yake ni myembamba, na gari linapoanza kupanda, uzito wote hukaa kwenye ncha ya mbele, hivyo ncha huzama na mgongo wa rampu hunyanyuka. Katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, magurudumu ya mbele huisukuma rampu itangulie badala ya kuipanda. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, tairi linalozunguka kwa pupa huivuta rampu na kuirushia nyuma. Zaidi ya hayo, gari dogo lenye pua ya chini hugonga rampu yenye mteremko mkali kabla tairi halijaigusa.

Hapa ndipo seremala wa Newala au wa Masasi anapoweza kutengeneza kitu kilicho bora kuliko cha dukani. Rampu ya mbao hutengenezwa kwa kulaza tabaka tatu za mbao zenye unene wa sentimita 5 na upana wa sentimita 30: la chini urefu wa sentimita 150, la kati 110, la juu 70, zikafungwa pamoja kwa bolti zinazopenya tabaka zote, na mwishoni kukawekwa kizuizi cha mbao kinachomwambia dereva kwamba amefika. Tairi hupanda ngazi za sentimita 5 bila shida, pua ya gari hupita salama, na gari huinuka sentimita 15, ambazo zikijumlishwa na nafasi ya kawaida chini ya gari humtosha mtu mwembamba kuufikia mfuniko wa kumwagia oili chini ya injini. Muhimu kuliko yote, tabaka la chini hukalia sentimita za mraba 4,500 za ardhi, kiasi kwamba mzigo wa gurudumu la mbele la gari dogo huwa chini ya gramu 100 kwa kila sentimita ya mraba, na mchanga mkavu wa Septemba huubeba bila kulegea. Tabaka hilo likirefushwa kwa nusu mita mbele ya ngazi ya kwanza, tairi husimama juu yake kabla ya kuanza kupanda, na uzito wa gari lenyewe ndio unaoizuia rampu isikimbie. Ikitengenezwa kwa mninga, kila rampu huwa na uzito wa kilo 30 hivi, ambao mtu mmoja anaweza kuukokota hadi stoo. Mpingo, mti uliowapa wachongaji wa Kimakonde sifa duniani kote, ni mzito kuliko maji na mgumu ajabu, na vipande vyake vilivyobaki karakanani hufaa sana kwa kabari, lakini kuukata kwa ajili ya rampu itakuwa ni kuupoteza mti unaokua polepole mno.

Kabari, vipande vya pembetatu vinavyowekwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, ni vidogo na havigharimu, navyo husahauliwa kuliko kifaa kingine chochote. Breki ya mkono katika magari mengi hufunga magurudumu ya nyuma peke yake. Nyuma ikiinuliwa, hakuna kinachoshika. Gari la gia za kujibadilisha lililowekwa katika alama ya kuegesha hufungwa kwenye sanduku la gia, lakini gurudumu moja la upande huo likiwa hewani, difu huliruhusu lizunguke, na lile lililobaki chini huwa huru vilevile. Gari hilo linaweza kuondoka kwenye jeki hata katika mwinuko ambao macho hayauoni, na katika mitaa ya Newala iliyo karibu na ukingo wa uwanda, miinuko ya namna hiyo ni mingi.

Wapo wanaoona kwamba shimo, yaani handaki jembamba ambalo gari huegeshwa juu yake na fundi kufanya kazi akiwa amesimama ndani, humaliza habari ya jeki na rampu kwa pamoja. Penye udongo mgumu na kuta za zege hoja hiyo ina nguvu. Uwandani, shimo lililochimbwa kwenye mchanga bila kujengewa kuta ni hatari isiyostahili kujaribiwa hata kwa saa moja, kwa sababu magurudumu hubeba uzito wake hasa kwenye midomo ya shimo, mahali ambapo mchanga hauna kinachouzuia usiporomoke. Na hata shimo lililojengwa vizuri hukusanya mvuke wa petroli, ambao ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, ukisubiri cheche ya spana au kiberiti.

Utunzaji wa jeki nao unahitaji neno, hasa kwa watu wa mchangani. Baada ya kazi, pistoni hufutwa kwa kitambaa kikavu na kurudishwa ndani kabisa, na jeki husimamishwa wima mahali pasipo na vumbi. Mafuta yakipungua huongezwa mafuta ya jeki. Mafuta ya breki, ambayo hutumiwa na wengi kwa kuwa yapo karibu, huivimbisha na kuilainisha sili ya mpira wa jeki nyingi, na jeki iliyotiwa mafuta hayo huonekana nzima hadi siku inapobeba mzigo mkubwa.

Kwa hiyo mwenye gari dogo ambaye kazi yake nyumbani ni kubadilisha oili na kukagua chini ya gari ataanza na rampu za mbao, na jeki ya mkasi aliyonayo itamtosha kwa pancha, mradi ubao wake ukae daima ndani ya buti. Anayetaka kugusa breki atalazimika kununua stendi mbili za pini kabla ya kununua jeki kubwa zaidi, kwa kuwa jeki kubwa isiyo na stendi humwongezea mtu ujasiri bila kumwongezea usalama. Mwenye pikapu atahitaji jeki ya chupa yenye uwezo wa tani 3 au zaidi, kwani uwezo ulioandikwa kwenye chombo haupaswi kuwa sawa na mzigo wenyewe.

Lakini kifaa cha kwanza, kwa yeyote anayekusudia kulitunza gari lake kwa miaka, ni sakafu. Si lazima iwe banda zima. Mistari miwili ya zege, kila mmoja wenye urefu wa mita 5, upana wa sentimita 80 na unene wa sentimita 10, ikiachana kwa sentimita 70 katikati, hubeba magurudumu, jeki na stendi za gari dogo, na kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne hutumia takribani mifuko 5 ya saruji, ambayo siku hizi haitoki mbali, kwani kiwanda cha Dangote kimekuwa kikiizalisha Mtwara tangu mwaka 2015. Sakafu hiyo hufanya kazi ya pili ambayo haizungumzwi vya kutosha: huizuia oili iliyomwagika isizame mchangani. Maji yanayopenya katika uwanda huu hushuka hadi chini na kuibuka katika chemchemi na visima vya mabondeni, kama vile vya Mitema ambako mradi wa Makonde husukuma maji kurudi juu kwa wananchi, na lita nne za oili chafu zinazomwagwa nyuma ya nyumba kila baada ya miezi michache hufuata njia ileile. Oili hukingwa kwenye beseni na kuhifadhiwa kwenye dumu lenye mfuniko, na sakafu hupokea matone yanayokosa beseni.

Zege hudai maji, si ya kuchanganyia tu bali ya kulinyeshea kwa siku saba au zaidi ili lisikauke kabla ya kukomaa, na katika kiangazi cha uwandani maji hayo hugombewa na jiko na mifugo. Ndiyo sababu wakati mzuri wa kumwaga mistari hiyo ni kati ya Desemba na Januari, fedha za mnada zikiwa zimeingia, mvua zimeanza, na matangi ya kukinga maji ya bati yakiwa yamejaa uani.